Maswali na majibu: Viumbe wadogo wa ufukweni na saa ya maji

Wiki iliyopita, saa moja asubuhi, niliona vijidudu wengi wakiogelea kwenye maji ya ukingoni. Leo nimerudi saa ileile, hakuna hata mmoja. Wamehama?

Hawajahama. Kwanza tuwape haki yao: si wadudu, ni jamaa ya kaa na kamba. Bahari haifuati saa ya ukutani, inafuata mwezi. Kwenye pwani nyingi, maji yakijaa sasa yatajaa tena baada ya takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku huchelewa kama dakika 50. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Wiki iliyopita ulikuta maji yamejaa. Leo, saa ileile, yamekupwa, nao wamejichimbia mchangani, pengine chini ya nyayo zako.

Nilichota mchanga wenye vijidudu hao pamoja na maji ya bahari, nikaweka ndoo chumbani. Walitulia saa nyingi, mara wakaanza kuogelea kwa fujo. Wanakufa?

Hapana, na umeshuhudia jambo ninalolipenda kuliko yote katika viumbe wa pwani. Tazama ratiba ya maji ya siku ile. Huenda ukakuta kwamba walianza kuogelea wakati maji yalipokuwa yanajaa kule ulikowatoa. Ndoo haina mawimbi wala mwezi, lakini saa wanayo mwilini.

Anayefahamika vizuri kwa hili ni Eurydice pulchra, isopodi (kundi mojawapo la jamaa wadogo wa kaa na kamba) wa milimita chache anayeishi kwenye fukwe za Ulaya. Maji yakijaa huogelea kutafuta chakula. Kabla hayajakupwa sana hujifukia, asije akakokotwa hadi kilindini. Hata akitolewa baharini, huendelea na mwendo huohuo kwa siku kadhaa. Mwaka 2013 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba saa hii si ileile inayopima mchana na usiku. Isopodi huyu ana madoa meusi yanayotanuka mchana na kusinyaa usiku. Watafiti walipoidhoofisha jeni inayoendesha saa ya kila siku, madoa yalipoteza mpangilio wake, lakini kuogelea kuliendelea kufuata maji kama kawaida. Saa mbili, mwili mmoja, na mwili wenyewe haufiki sentimita moja!

Nakuomba uwarudishe. Saa yao hurekebishwa na mtikiso wa mawimbi, na ndani ya ndoo itapotea majira polepole.

Kuna kaa wadogo wenye umbo la yai, wanajifukia kinyumenyume mara wimbi likipita. Mbona hawakai mahali pamoja?

Wanafuata chakula. Kaa wa jenasi Emerita huelekea baharini, wakatoa vipapasio vyenye manyoya na kuchuja chembe za chakula katika maji yanayorudi. Mstari wa mawimbi ukipanda nao hupanda, ukishuka hushuka.

Na wale wanaoruka ukifunua mwani uliotupwa na maji? Nao wana saa ya maji?

Hao ni amfipodi, kundi jingine la jamaa wadogo wa kaa na kamba, na wengi wao hufuata zaidi mchana na usiku. Mchana hujificha kwenye mchanga wenye unyevu, juu ya pale maji yanapofika. Usiku hutoka kula mwani. Kwao maji ni mpaka: wakikaukiwa wanakufa, wakizamishwa wako hatarini. Bamvu (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) likija, mpaka huo hupanda nao hulazimika kusogea. Katika miaka ya 1950, Leo Pardi na Floriano Papi wa Italia waligundua kwamba amfipodi aitwaye Talitrus saltator hutumia jua kujua bahari iko upande gani, na hurekebisha mwelekeo wake kadiri jua linavyosogea angani. Na kwa kuwa amfipodi wanategemea mwani, nasema wazi: kuzoa mwani wote ufukweni kwa ajili ya usafi ni kuwanyang'anya chakula na kivuli kwa mkupuo mmoja.

Kaa wenye gando moja kubwa hupotelea wapi maji yakija?

Shimoni. Hula topeni maji yakiwa yamekupwa, kisha wengi wao huziba mlango kwa tope kabla maji hayajafika. Majike wa spishi nyingi huachia viluwiluwi vyao usiku, maji ya bamvu yakiwa yamejaa, ili yanapokupwa yawachukue mbali na samaki wanaovizia ukingoni.