Prosesa Ipi Inaoana na Kadi ya Michoro?

Swali: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600 na skrini ya nukta (vidoto vinavyounda picha) 1920 kwa 1080 inayoonyesha picha 60 kwa sekunde. Je, prosesa hiyo itaimudu kadi ya michoro ya RTX 4070 katika michezo? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Itafanya kazi, ila kwa skrini hiyo fedha yako nyingi italala bure, kwani skrini haitaonyesha zaidi ya picha 60 hata kadi ikichora 120. Prosesa ndiyo inayokokotoa mienendo ya wahusika na kuiagiza kadi ichore. Skrini ikiwa na nukta chache, kadi kubwa humaliza kazi mapema na kubaki ikisubiri maagizo. Binafsi ningechukua RTX 4060, inayotumia wati 115 dhidi ya 200 za 4070. Hata hivyo, ukiazimia kuhamia skrini ya 2560 kwa 1440, mzigo mkubwa huangukia kadi, na hapo 4070 ina maana. Prosesa ikikwamisha baadaye, Ryzen 7 5700X3D huingia kwenye soketi (tundu la prosesa) hiyohiyo ya AM4, ilimradi ubao mama unaikubali na programu yake ya kuwashia imesasishwa kabla hujaing'oa ya zamani.