Maswali ya Bustani: Mvua ya Kwao Si Mvua ya Kwetu

Tangu niseme kwamba naotesha kwa mbegu hapa Dodoma maua ya vitunguu ya Afrika Kusini, yaani maua yanayohifadhi chakula kwenye kitunguu ardhini, si vitunguu vya mboga, simu yangu haipoi. Maswali mengi ni yale yale. Nimechagua machache.

*Shikamoo Shangazi. Mbegu zangu hazioti, nifanye nini? (Kisasa)*

Marahaba. Mbegu za nini? Ulizipanda lini? Umenipa salamu ukaninyima swali. Nataka jina la ua, tarehe uliyopanda, chombo ulichotumia na mahali kilipokaa, juani au kivulini. Bila hayo sijibu tena, mimi sipigi ramli.

*Kaka yangu alirudi kutoka Pretoria na mbegu za amarilisi, nyeusi, bapa, nyembamba kama karatasi iliyoungua. Nazipandaje? (Nzuguni)*

Hata kama zimepanda ndege Pretoria, hizo si za amarilisi ya Afrika Kusini. Mbegu nyeusi bapa namna hiyo ni za Hippeastrum, ua la Amerika Kusini, lile jekundu kubwa ambalo kila mwenye kibaraza analiita amarilisi. Amaryllis belladonna yenyewe, ile ya Rasi Magharibi, jimbo la Cape Town, mbegu yake ni punje nene yenye maji ndani, nyeupe au ya rangi ya waridi, kama lulu. Jifunzeni kutazama mbegu kabla ya kutazama jina kwenye bahasha.

Hata hivyo ni ua zuri, lipande. Mimina maji kwenye bakuli, ziache mbegu zielee juu yake, weka mahali penye mwanga pasipo jua kali. Zenye uhai zitatoa mzizi ndani ya wiki chache, nazo utazihamishia kwenye mchanga. Usizitunze mpaka mwakani, hufa mapema.

*Shangazi, nilipanda frizia na lakenalia mwezi wa kumi na mbili mvua zilipoanza, siku moja na mahindi. Mahindi yameota, maua hata moja. Nimeuziwa mbegu mbovu? (Kondoa)*

Huenda mbegu ni nzima kuliko unavyodhani. Afrika Kusini haina mvua moja. Upande wa mashariki, KwaZulu-Natal na milima ya Drakensberg, mvua hunyesha wakati wa joto, Oktoba hadi Machi hivi, karibu sawa na sisi. Upande wa kusini-magharibi, kuanzia Cape Town kupanda mpaka Namaqualand, mvua ni ya wakati wa baridi, Mei hadi Agosti, na Desemba ndiyo kiangazi chao kikavu. Frizia, lakenalia, babiana, iksia na sparaksisi ni watoto wa mvua hiyo ya baridi. Joto likipungua na ardhi ikilowa, mbegu huamka. Joto likirudi, majani hukauka na kitunguu hulala chini ya udongo. Wewe umezigongea mlango Desemba, nchi inachemka mchana na usiku, zikakaa kimya. Mimi pia ningekaa kimya.

Usimwage huo udongo. Mbegu kavu na ngumu za jamii ya frizia ni vumilivu. Acha chungu kikauke, kiweke kivulini, mwishoni mwa Aprili anza kumwagilia upya uone.

Mtu wa kanda yetu anayetaka maua ya Rasi lazima aishi kinyume na majirani zake. Unapanda mvua zinapokatika. Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 na mchana jua lipo, na tofauti hiyo ya usiku na mchana ndiyo mbegu hizi zinayoitafuta. Nyinyi Kondoa mko juu kidogo kuliko sisi, mna bahati zaidi. Unamwagilia kwa mkono miezi yote ambayo wengine wanakunja majembe. Kuelekea Oktoba majani yanageuka manjano, unaacha maji. Kisha Novemba au Desemba mvua inaposhuka na mtaa mzima unashangilia, wewe unakimbiza vyungu chini ya paa, vikae vikavu kabisa mpaka Aprili, maana kitunguu kilicholala kikiloweshwa kwenye joto huoza. Chungu changu cha kwanza cha frizia nilikisahau nje Januari nilipokwenda msibani Mpwapwa. Niliporudi nilichimbua uji.

Yale ya mashariki, yaani yukomisi, agapanthasi na gladiola nyingi, yapande mvua zinapoanza, na mahindi yako, kama ulivyofanya. Mkono wako hauna kosa, ulikosea kwao.

Tena hukuniuliza hili, lakini nitalisema. Maelekezo mengi mnayosoma mtandaoni yameandikwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Akikwambia panda frizia Septemba, anasema joto la kwao linaanza kupungua. Kwetu joto hupungua baada ya Aprili. Dodoma iko kusini mwa ikweta, tulifundishwa shule ya msingi.

*Ni kweli mbegu za Afrika Kusini lazima zifukizwe moshi? (Mkonze)*

Si lazima kwa vitunguu vingi. Mwaka 1990 watafiti wa huko, de Lange na Boucher, walionyesha kwamba moshi unaamsha mbegu za kichaka kimoja cha Rasi, na baadaye mimea mingine mingi ya vichaka vile ikaonekana kufuata njia hiyo. Tangu hapo kila mtu anafukiza kila kitu. Moshi wako uachie maharage.

*Miche ya yukomisi ilitoka vizuri mno, siku ya kumi na mbili ikaanza kulala, shingo imenywea kama imefungwa uzi. Nipulize dawa gani? (Ipagala)*

Kinyausi. Kabla ya dawa niambie unamwagilia mara ngapi. Najua jibu: asubuhi na jioni, kwa sababu jua la Dodoma linakutisha. Ukungu unaoleta kinyausi hupenda udongo uliolowa muda wote, miche iliyobanana na hewa isiyopita. Iliyolala ing'oe pamoja na udongo wake, iliyobaki ipe nafasi na upepo, acha uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Mchanganyiko wangu ni mchanga mkubwa wa korongo, uoshwe mpaka maji yatoke safi, sehemu mbili, na mboji iliyochekechwa sehemu moja. Udongo wetu mwekundu ukiwa peke yake hukauka ukawa tofali. Chombo kiwe na kina, sentimita 15 na zaidi, maana vitunguu vingi vya huko vina mizizi inayojikunja na kuvuta kitunguu kwenda chini mwaka hadi mwaka. Ukivipanda kwenye sahani vitajikusanya chini kabisa. Maji wape kwa kukalisha chungu kwenye beseni mpaka uso wa udongo ugeuke rangi, kisha ukitoe. Na ukiona chumvi nyeupe inajenga kwenye ukingo wa chungu, hayo ni maji ya kisima. Kinga maji ya mvua kwenye pipa msimu huu, uyatumie kwa miche tu, usifulie.

*Samadi ya mbuzi inafaa? (Bahi)*

Kwa miche, hapana.

*Tunda la klivia yangu limekuwa jekundu baada ya kusubiri miezi mingi. Niweke mbegu kwenye friji mpaka mvua? (Area D)*

Toa mikono kwenye friji. Mbegu za klivia, krinamu, nerine na hemanthasi zina maji ndani na hazijui kusubiri. Ukizikausha zinakufa, na nyingine huanza kuchipua zikiwa bado kwenye ua. Menya tunda, osha mbegu kwa maji yenye sabuni kidogo, ondoa ngozi laini inayozifunika, ziweke juu ya mchanga wenye unyevu bila kuzifukia. Mzizi utatoka baada ya mwezi au mwezi na nusu.

Klivia haina habari na mvua ya baridi wala ya joto, ni ua la chini ya miti lisilopukutisha majani. Jua la saa saba la Dodoma huliunguza. Chini ya mwembe, au usisumbuke.

*Yatachanua lini? Nina sendofu ya binti yangu Desemba. (Makulu)*

Hongera kwa binti, nunua mawaridi. Frizia ukiwa na bahati huchanua mwaka wa kwanza au wa pili, gladiola wa pili au wa tatu, klivia miaka mitatu hadi mitano. Brunsvigia inaweza kupita miaka kumi.

*Mbuzi wa jirani ameingia bustanini. Hivi vitunguu vina madhara? (Iyumbu)*

Mngeniuliza hili kabla ya kupanda. Maua mengi ya jamii ya amarilisi, na klivia humo, yana likorini, sumu inayotapisha, na sehemu kubwa iko kwenye kitunguu. Boophone, ambayo inaota yenyewe hata Tanzania, ndiyo iliyopakwa kwenye mishale kusini mwa Afrika. Vitunguu hivi vilivyomenywa vinafanana na vitunguu maji, kwa hiyo havikai jikoni wala kwenye kikapu cha mboga, hata kwa dakika tano. Mtoto akitafuna, nenda hospitali mara moja na ubebe kipande cha mmea wenyewe. Mbuzi mpeleke kwa daktari wa mifugo, na jirani mpeleke kwa mjumbe.

*Naweza kuagiza mbegu Afrika Kusini zikaja kwa basi? (Singida)*

Zije kwa njia yoyote, ila kwanza pata kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na mtumaji apate cheti cha afya ya mimea cha kwao. Msinitumie ujumbe wa "nitazificha kwenye soksi". Ugonjwa wa mimea nao unaingia kwenye soksi. Na kabla ya kuagiza, kumbuka Gladiolus dalenii, babu wa gladiola nyingi za dukani, inaota porini hapa hapa Tanzania, na Scadoxus ya mpira mwekundu pia. Chukua mbegu chache zilizokomaa, kitunguu kiache ardhini.

*Shangazi, mbegu ya krinamu niliyoisahau kwenye droo imetoa mzizi na jani bila udongo wala tone la maji. Mama mkwe anasema niitupe, kuna mkono wa mtu. (Chang'ombe)*

Msalimie mama mkwe. Krinamu hubeba maji yake ndani ya mbegu, na hufanya hivyo hata mezani kwangu. Ilaze juu ya mchanga leo, mzizi uelekee chini, usiifukie.