Re: Kabati la chuma la mtumba, droo zinakwama na rangi inabanduka

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: droo mbili za juu zinakwama, na rangi uliyopaka inatoka magamba sehemu ya chini.

Usianze na reli za droo. Anza na sakafu. Weka pima maji juu ya kabati, kisha pima uso wake wa mbele kwa mshazari, kona hadi kona, mishazari yote miwili. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda. Mara nyingi kipande cha bati chini ya mguu mmoja kinatosha kuzifungua droo. Zikiendelea kukwama, zitoe, safisha reli na gololi kwa mafuta ya taa, futa, paka grisi kidogo sana. Grisi nyingi hukusanya vumbi la karakana.

Rangi kubanduka karibu kila mara ni mafuta au kutu iliyobaki chini yake. Osha kwa sabuni na tina (kiyeyusho cha rangi) KABLA ya msasa, maana msasa husambaza mafuta. Kwangua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha upige praima (rangi ya kwanza) ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Kama kabati ni la zamani sana, rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu: piga msasa wa maji, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, na watoto wakae mbali. Reli zifunike kwa tepu, zisipate rangi.

Na tafadhali, kabati lenyewe likaze ukutani. Droo mbili nzito zikifunguliwa pamoja, linaweza kuanguka.