Kuvutiwa na jinsia yako si kosa kwa Wamormoni

Je, mwanamume anayevutiwa na wanaume hutengwa na Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho? Hapana, hatengwi kwa hisia tu. Kitabu cha Maelezo ya Jumla cha kanisa lenyewe, yaani mwongozo wake wa sera, kifungu 38.6.15, kinasema wazi kuwa kuvutiwa na mtu wa jinsia yako si dhambi. Akishika sheria ya usafi wa kimwili (ngono ni kwa mume na mke waliooana tu) anabatizwa, anapewa wito, yaani kazi ya kuhudumu, kwenye kata yake (usharika wake) na anapata kibali cha hekaluni baada ya mahojiano mawili: la askofu anayeongoza kata, kisha la rais wa kigingi, yaani kundi la kata kadhaa.

Kinacholeta shida ni tendo. Ngono na mtu wa jinsia yake, au kufunga naye ndoa hata pale sheria ya nchi inaporuhusu, kunaweza kumpeleka mbele ya baraza la uanachama, kikao cha nidhamu cha kanisa, na akaondolewa uanachama.

Wengi bado wananukuu sera ya Novemba 2015, iliyowaita wanandoa hao waasi na kuwazuia watoto wao kubatizwa. Hiyo ilifutwa Aprili 2019. Ndoa yenyewe bado ni kosa kubwa.

Ila maaskofu hawafanani. Kabla hajaeleza hisia zake, amuulize askofu wake anakisomaje kifungu hicho. Na asikubali kusukumwa aoe mwanamke kama tiba: kanisa lenyewe halishauri hivyo, na yule mke naye anaweza kuumia.