Mwalimu, msilinyooshe pezi la Skyraider

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninafundisha fizikia sekondari hapa Moshi. Wanafunzi wangu wanaunda modeli ya Skyraider, ndege ya kivita ya Marekani, skeli ya 1/72. Mchoro wa kutoka juu unaonyesha pezi la mkia limekaa upande, ncha yake ya mbele imeelekea kushoto kidogo. Tulinyooshe? Halafu wananiuliza jambo ambalo nashindwa kulijibu vizuri: jeti zilishakuwepo, kwa nini jeshi liliendelea kutuma ndege ya propela kushambulia? Tukimaliza hii tutaanza Super Tucano, na tungependa ionekane kama imeegeshwa uwanjani.

JIBU: Salama kabisa, mwalimu, na poleni na kazi. Msilinyooshe. Mchoro uko sahihi, na pezi hilo ndilo litakalowafundisha vijana wako mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya modeli hiyo.

Propela ya Skyraider ina mapanga 4 na kipenyo cha mita 4.11. Inazungushwa na injini ya Wright R-3350, silinda 18, nguvu ya farasi 2,700 hivi. Ukikaa kwenye kiti cha rubani unaiona ikizunguka kwa mwelekeo wa saa. Upepo inaousukuma haurudi nyuma ukiwa umenyooka. Unajiviringisha kwenye kiwiliwili kama kamba kwenye pia, na ukifika mkiani unalipiga pezi ubavu wa kushoto. Mkia unakwenda kulia, pua inakwenda kushoto. Rubani anaweza kuirudisha kwa kukanyaga pedali ya kulia, lakini safari za ndege hii zilikuwa za saa nyingi na mguu unachoka. Ndiyo maana wabunifu wa kampuni ya Douglas iliyoiunda, wakiongozwa na Ed Heinemann, waligeuza pezi lenyewe takribani nyuzi 3, ncha yake ielekee upepo huo unakotoka. Kwenye modeli yenu, kama kitako cha pezi kina milimita 30, ncha ya mbele itasogea milimita moja na nusu. Ni kidogo, ila jicho linaiona. Mchoro wa ubavuni nao utawaonyesha kwamba injini imeinamishwa chini kidogo. Hapo pia msiguse. Bila hivyo, rubani akiongeza moto pua ingepanda.

Sasa swali la vijana, na hili liandike ubaoni. Msukumo ni masi ya hewa inayosukumwa kila sekunde, mara kasi inayoongezewa hewa hiyo. Lakini nishati inayotumika ni nusu ya masi hiyo mara kasi kipeo cha pili. Chukua ndege inayoanza kuondoka: ukisukuma hewa maradufu kwa nusu ya kasi, msukumo unabaki uleule na nishati inapungua nusu. Propela kubwa inafanya hivyo. Jeti za miaka ile zilifanya kinyume, hewa kidogo kwa kasi kubwa sana, jambo zuri ukiwa juu na unakimbia. Ukishuka chini na kuzunguka juu ya bonde moja ukimtafuta mtu, jeti ile inakula mafuta na kuondoka kabla kazi haijaisha.

Skyraider iliruka mara ya kwanza tarehe 18 Machi 1945, ikaundwa hadi 1957, jumla ndege 3,180. Ilibeba karibu kilo 3,600 za silaha kwenye vituo 15 chini ya mabawa na tumbo. Kule Vietnam, rubani wa jeti akianguka msituni, helikopta ya kumwokoa ilisindikizwa na Skyraider zilizoitwa Sandy kwenye redio, kwa sababu jeti haikuweza kwenda taratibu na helikopta. Kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 520 hivi kwa saa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: mizinga na makombora ya kutungulia ndege yalipoboreshwa, nyingi zilianguka. Hata hivyo, tarehe 20 Juni 1965 marubani wawili wa jeshi la majini la Marekani, Clinton Johnson na Charles Hartman, waliitungua MiG-17, ndege ya jeti ya Vietnam Kaskazini, wakiwa kwenye Skyraider zao. Baadhi ya zile za Ufaransa, zilizopigana Algeria, ziliishia Gabon na Chad.

Naomba pia usiwafiche wanafunzi jambo hili: tarehe 8 Juni 1972 Skyraider ya Vietnam Kusini ilidondosha mabomu ya moto ya napalm huko Trang Bang ikaunguza watoto na raia waliokuwa wanakimbia. Ndege ya polepole humpa rubani muda wa kutazama, na bado anaweza kukosea vibaya kabisa. Wanaounda modeli ya ndege ya vita wanapaswa kujua ilimfanyia nani nini.

Kuhusu Super Tucano, ndege ya kivita ya propela ya Brazili, nina furaha kukwambia kwamba ndege ya kujifunzia propela yake iko karibu. Inatumia injini ya turbini iitwayo PT6, ukoo uleule wa injini ya ndege ndogo za Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti kila siku kutoka uwanja wa Arusha pale Kisongo; ya Super Tucano ina nguvu ya farasi 1,600, kubwa zaidi ya ile ya Caravan. Nigeria ilipokea 12 mwaka 2021. Walete vijana waitazame Caravan iliyozimwa. Ukisimama mbele yake unaona kingo nyembamba za mapanga. Ukienda ubavuni unaona ubapa wake. Injini ikizimwa, presha ya oili inashuka, springi na vizito vya propela vinayageuza mapanga mpaka ukingo uikabili hewa. Kwa hiyo mapanga 5 ya Super Tucano iliyoegeshwa yagundishwe hivyo. Skyraider ni kinyume, mapanga yake yakiegeshwa huonyesha ubapa kwa mbele. Nimeona modeli nyingi zilizopakwa rangi kwa ustadi mkubwa zikiharibika hapo tu.

Rangi ya moshi nayo inatofautiana. Skyraider ilichoma petroli yenye madini ya risasi, hivyo nyuma ya ekzosi wekeni kijivu kinachoelekea udongo, na oili chini ya tumbo, kwa sababu injini ile ilivuja daima. Super Tucano inachoma mafuta ya taa ya ndege; masizi yake ni meusi.

Mwisho, Skyraider inakalia gurudumu la mkia, haihitaji uzito. Super Tucano ina gurudumu la pua, na modeli yake itakaa kitako msipojaza kitu puani. Kabla ya gundi, shikizeni kiwiliwili na mabawa kwa selotepu, mkiweke juu ya penseli pale magurudumu makubwa yatakapokuwa, mwongeze vipande vya madini ya risasi puani mpaka pua ilale yenyewe. Kisha ongezeni kimoja zaidi, maana rangi na mkia vina uzito wake.