Maswali na Majibu: Mpito wa Rangi Ndani ya Umbo

Naandika programu ya .NET. Nimeweka rangi tatu kwenye ColorBlend (orodha ya rangi za mpito na nafasi zake), programu inagoma na kutoa ArgumentException (kosa la thamani isiyokubalika). Kosa liko wapi? (Mafinga)

Hesabu Colors na Positions: idadi lazima ilingane. Positions ianze na 0.0f na kuishia na 1.0f, kwa rangi tatu andika 0.0f, 0.4f, 1.0f. Ukianza na 0.1f, GDI+ (mfumo wa kuchora wa Windows) inakataa. Kisha ikabidhi ColorBlend kwa InterpolationColors ya brashi. Ukisahau hatua hiyo hutaona kosa lolote, ila zitatokea zile rangi mbili tu ulizoipa brashi wakati wa kuiunda.

Nachora chati ya magunia ya viazi. Nguzo ndefu zinatoka kijani hadi njano, fupi zinabaki kijani. Halafu juu ya baadhi ya nguzo kuna kimstari cha kijani. (Uyole)

LinearGradientBrush (brashi ya mpito ulionyooka) hufuata mstatili ulioupa wakati wa kuiunda. Haitambui umbo unalolipaka. Umeipa mstatili wa chati nzima, kwa hiyo nguzo fupi inaishia chini, kwenye kijani. Unda brashi ya kila nguzo kwa mstatili wa nguzo hiyo, ndani ya using ili kumbukumbu iachiliwe. (Kama njano inamaanisha mavuno mengi, acha ilivyo, chati yako inasema kweli.)

Kimstari kinatokana na WrapMode.Tile: mpito ukifika mwisho unaanza upya, na pikseli ya ukingoni inadaka rangi ya kwanza. Weka TileFlipXY, au panua mstatili wa brashi kwa pikseli 1 kila upande. Usijaribu Clamp, brashi hii haiikubali. Na mkulima asiyevuna hata gunia moja mruke: mstatili wenye kimo 0 unaangusha programu.

Duara langu linang'aa pembeni, katikati giza. Nilitaka kinyume. (Tukuyu)

Kwenye PathGradientBrush (brashi ya mpito kati ya ukingo na kitovu cha umbo), 0.0f ni ukingo na 1.0f ni kitovu. Geuza mpangilio wa rangi.

Nyekundu kwenda kijani, katikati panakuwa kama tope. (Iringa)

Kwa nyekundu 255, 0, 0 na kijani 0, 255, 0, katikati hapo ni takriban 128, 128, 0, njano yenye giza. Weka GammaCorrection = true (inayorekebisha mwangaza wa mpito), au tia njano kamili kwenye 0.5f. Sisi tungechagua njano, maana unaiamua mwenyewe.

Programu hiyo hiyo itakubali Linux? (Njombe)

Kuanzia .NET 7, System.Drawing.Common (maktaba yenye brashi hizi) ni ya Windows pekee. Hamia SkiaSharp, maktaba nyingine ya kuchora, utumie SKShader.CreateLinearGradient; nafasi za rangi huko nako ni 0 hadi 1.