Muulize Nahodha: rili yangu imekwisha, nichukue ipi?

SWALI: Assalaam aleikum Nahodha. Mie nipo Mkoani, Pemba, kazi yangu nyengine kabisa ila Jumamosi na Jumapili hunikosi baharini. Rili yangu, ile mashine ya rodi ya kukunjia uzi, aliniachia mgeni mmoja aliyekuja kuvua, imenifaa miaka, sasa imechoka. Nikizungusha inasaga kama ina mchanga ndani, mara nyengine samaki akivuta mkono wa rili unarudi nyuma wenyewe, na breki ya kuachia uzi nayo inashika halafu inaachia ghafla, juzi kolekole kanikatia uzi hapo hapo. Nna njia tatu. Kuna mpya dukani Darajani bei rahisi, boksi limeandikwa beringi 13. Kuna nahodha wa boti ya wageni Nungwi anauza Penn Spinfisher yake aliyoitumia. Na shemegi yangu yuko Dubai kasema nisubiri atakuja nayo Ramadhani. Nichukue ipi na saizi gani? Navua nguru na kolekole, jodari mara moja moja, kwa kurusha na kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo.
Mvuvi wa Wikendi, Mkoani

JIBU: Waaleikum salaam yakhe. Pesa iache mfukoni kwanza, hebu ifungue hiyo ya zamani, manake umenitajia maradhi matatu na kila moja lina dawa yake, mawili kati ya hayo si ya kuua.

Mkono kurudi nyuma: mle ndani kuna beringi ya rola inayokubali kuzunguka upande mmoja tu, hiyo haitaki grisi. Mtu akiijaza grisi, au oili ya zamani ikiganda na chumvi, zile rola zinateleza badala ya kukamata na mkono unarudi. Itoe, ioshe kwa spiriti, iache ikauke sawasawa, tia tone moja la oili nyepesi, basi. Mashine nyingi zinazouzwa kwa jina la mbovu ni hapo tu palipoziba.

Breki kushikashika: fungua kile kifuniko cha juu ya spuli, pale uzi unapokunjwa, toa waya wa kubana, chini yake utakuta washa, vipete bapa, zimepangwa moja juu ya moja, za chuma na za kitambaa au kaboni. Zipange mezani vile vile zilivyotoka, piga picha na simu kabisa usije ukazirudisha kinyume. Zikiwa na ukungu mweupe hiyo ni chumvi. Osha kwa maji baridi na sabuni, kausha, za kaboni zipake grisi ya breki nyembamba mno kisha uifute. Usitie grisi ya gari, ikipata joto inalainika na breki inabadilika huku samaki anakimbia.

Sasa kusaga ndio kesi yenyewe. Fungua ubavuni, toa beringi moja moja uzizungushe kwenye ncha ya kidole, ikikwaruza hiyo imekufa lakini beringi si kitu, imeandikwa namba au unaipima milimita tatu, tundu la ndani, upana wa nje na unene, unaagiza ya chuma kisichoshika kutu. Halafu mulika tochi kwenye gia. Grisi ikiwa imegeuka rangi ya majivu inametameta, hilo ni vumbi la chuma, meno yanakulana. Meno yakishachongoka upande mmoja hapo hakuna ufundi tena, na kununua gia kubwa na ile ndogo inayoingiliana nayo, ukijumlisha na usafiri mpaka Mkoani, utajikuta umefika karibu na bei ya mashine nzima. Hali kadhalika ukiona bodi, gamba lake la nje, imetoa unga mweupe na skrubu hazishiki, usihangaike nayo.

Haya, tuseme imekwisha kweli.

Ya Darajani yenye beringi 13 mie sichukui, na sisemi kwa dharau ya duka. Beringi ni kitu cha kuandikwa kwenye boksi. Spinfisher VI inazo 5 na ile ya kuzuia kurudi nyuma, na watu wanavutia jodari miaka. Beringi 13 za chuma cha kawaida ni sehemu 13 za kuingia kutu. Kisha angalia bodi, nyingi za bei ile ni plastiki ngumu, samaki mdogo hutaona tatizo, lakini ukifunga breki kilo sita na kolekole akakata kona kuelekea mwambani ile bodi inapinda, gia zinakaa upande, na kuanzia siku hiyo inasaga. Kwa samaki kama changu na tasi ukiwa ufukweni ichukue tu, itakufaa. Kwa nguru hapana.

Kitu chengine watakachokudanganyia ni nguvu ya breki. Boksi linasema kilo 20, sijui 25. Yakhe, uzi wako ni wa paundi ngapi? Uzi wa paundi 50 unakatika kwenye kilo 22 na ushei, na breki inatakiwa iwekwe robo mpaka thuluthi ya hapo, yaani kilo tano na nusu hadi saba na nusu. Funga mizani ya samaki kwenye uzi, mwenzako ashike rodi, vuta uone. Breki ya kilo saba inayoachia laini kuanzia sentimita ya mwanzo ni bora mara nyingi kuliko ya kilo 25 inayong'ang'ania kwanza, kwa sababu uzi unakatika pale pale pa kuanza, kama ulivyokatikiwa wewe.

Ya nahodha wa Nungwi ndiyo inayonivutia, kwa sababu moja kubwa, Penn wanatoa mchoro wa kila mashine yao na namba ya kila kidude, na vipuri unaagiza kimoja kimoja. Mashine ya baharini utaifungua tu, utake usitake, kwa hivo nunua ile inayokubali kufunguliwa. Spinfisher za matoleo haya ya karibuni bodi ni chuma na zina mpira wa kuzuia maji, VI imepimwa IPX5. Hapo tuelewane, IPX5 maana yake inastahamili maji ya kurushiwa kwa bomba, haina maana umeruhusiwa kuizamisha. Ikidumbukia baharini au mchangani inataka kufunguliwa ile ile, hata iwe na mipira mingapi.

Ila usimtumie mtu pesa kwa simu ukakaa Mkoani ukaisubiri. Panda boti, nenda Nungwi ukaishike. Zungusha mkono polepole mno, polepole ndio inasema kweli, ukizungusha kwa kasi kila mashine inasikika nzuri. Shika rota, ile inayozunguka spuli ikikunja uzi, uitikise mbele nyuma, ikicheza sana kuna beringi imekufa. Kile kigurudumu ambacho uzi unapitia kwenye ule waya wa kukunja, kisukume kwa uzi uone kinazunguka, kikiwa kimekwama na kina mfereji ulochimbwa na bredi, ule uzi wa kusukwa, basi kilikuwa kinasaga uzi wake muda wote, hiko unabadilisha lakini unapata pa kuteremshia bei. Toa spuli utazame chini yake, hapo ndipo watu hawaoshi. Kisha funga breki, mwambie akuvutie uzi kwa mkono aliouzungushia kitambaa. Na muulize nani alikuwa anaiosha jioni wageni wakishaondoka. Akijibu kwa jina la kijana fulani moja kwa moja, vizuri. Akianza kutazama bahari, teremsha bei tena. Ikipita mtihani na bei isizidi nusu ya mpya, chukua.

Isipopita, rudi kwa shemegi wa Dubai, lakini usimwambie niletee rili kubwa nzuri, atakuletea kitu kinachong'ara. Mwandikie jina na namba kwenye WhatsApp. Kwa pesa ya kati kuna Penn Battle, Daiwa BG na Shimano Spheros SW, akiwa na uwezo zaidi Shimano Saragosa SW au hiyo hiyo Spinfisher mpya. Anunue duka la wavuvi lenye risiti, majina haya yanaigizwa mno. Stella SW ya Shimano na Saltiga ya Daiwa ni mashine za ajabu sikatai, ila bei zake ni za kufika dola 1,000 na kupita, pesa hiyo mie natia kwenye injini ya boti. Na ukitajiwa bodi ya magnesiamu kwa sababu ni nyepesi, kataa, rangi ikichubuka mahali padogo chumvi inaila haraka kuliko aluminiamu, na sie rodi zetu zinagongwa kwenye fiba ya boti kutwa.

Saizi sasa. Namba si kipimo cha dunia nzima, kila kampuni na hesabu zake, Penn 6500 inakaa jirani na Shimano 8000, Daiwa ndio usiseme, mwaka 2018 walipoleta LT, mashine zao nyepesi, walibadilisha namba na za zamani kama BG zikabaki na hesabu yake. Wewe soma ukingo wa spuli, pameandikwa inachukua uzi kiasi gani. Unataka ichukue bredi ya paundi 50 isiyopungua mita 300. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita na jodari akiamua kuteremka anateremka, hakuna mwamba wa kumsimamisha. Mashine kubwa kuliko hiyo itakuchosha mkono wa kurushia kabla jua halijapanda. Uwiano wa gia, yaani rota inazunguka mara ngapi ukizungusha mkono mara moja, chukua wa kati, 5 na kitu. Ukipata 6 na zaidi utavuta chambo kwa kasi na nguru anaipenda kasi, lakini samaki akishanasa utaona mkono unavyokuwa mzito.

Na kurambaza, mwanangu, usirambaze kutwa na rili ya kurushia. Uzi unapinda ukijizungusha, na gia zinabeba mzigo wa kutwa ambao hazikutengenezewa. Wenzako wa Kojani wanarambaza kwa mshipi wa mkono na nguru wanaleta. Rili iweke ya kurusha ukishaona ndege wanapiga maji.

SWALI: Nahodha, mume wangu akitoka kuvua anaitumbukiza rili yake kwenye ndoo ya maji chooni inalala humo mpaka asubuhi, anasema chumvi inayeyuka. Hii ni ya tatu anayonunua na pesa ya nyumbani ndiyo inayotoka. Ni kweli inatakiwa ilowekwe?
Mwenye Ndoo, Mbweni

JIBU: Dada yangu, ndoo yako ichukue ukafulie. Rili hailowekwi. Inapolala ndani ya maji, ile chumvi ya nje inayeyuka kweli, halafu maji yenye chumvi yanapata usiku mzima wa kutafuta njia ya kuingia kwenye beringi, na yakishaingia hayatoki.

Mwambie hivi, akirudi tu, kabla ya chai, akaze breki mpaka mwisho ili maji yasipite kwenye washa, amwagie maji baridi ya bomba kidogo kidogo, yasiwe ya kasi, yale ya kasi yanasukuma chumvi na mchanga ndani. Afute kwa kitambaa, atoe spuli afute na chini yake, tone la oili kwenye kile kigurudumu cha uzi na kwenye viungo vya mkono. Kisha breki ailegeze, washa zikilala zimebanwa zinashikana na asubuhi ndio ule mwanzo wa kukwama. Aiweke pembeni ikauke kivulini, buti la gari si pahala pake. Na ile dawa ya kopo ya kupuliza kwenye kutu asipulize ndani, inaosha grisi yote anabaki na chuma kwa chuma.

Haya yote ni dakika tano. Akisema kachoka, kazi hiyo mpe mtoto mmoja wa nyumbani na umlipe kutoka kwenye bajeti ya rili ya nne.

SWALI: Nimepata rili mpya, bredi niliyonayo kwenye ya zamani imepauka mita kama hamsini za mwanzo, zilobaki bado rangi yake. Nitupe nianze upya?
Kijana wa Nungwi

JIBU: Usitupe, bredi ni ghali. Igeuze tu. Kata zile zilochakaa kabisa, funga ncha ya nje kwenye spuli mpya, ule uzi uliokuwa chini haujawahi kuona jua ndio unakuja juu. Kwanza lakini zungusha nailoni raundi kadhaa kwenye spuli, bredi ikiwa juu ya chuma kitupu inateleza yote kwa pamoja, utadhani breki mbovu kumbe uzi haujashika. Wakati wa kujaza, uzi upitishe kwenye kitambaa kibichi ulichokibana kwa vidole ili ukae umekaza, ukijaa legelege samaki akivuta unajichoma chini na kunasa. Acha milimita mbili au tatu kufika ukingoni, na usijaze kupita hapo ukitaraji utarusha mbali zaidi, utatoka na fundo la kukushughulisha mpaka bamvua nyengine.